Nta Iliyokuwa Juu ya Redio ya Igurwa

Kabla hujagusa nta iliyomwagika kwenye chombo cha mtu, muulize ilimwagikaje. Usimuulize kwa umbea. Muulize kama mganga anavyouliza maumivu yalianzia wapi, halafu nyamaza umsikilize. Hili ndilo ninalotaka kuwaachia ninyi vijana mnaofungua vibanda vya simu na redio hapa Nyaishozi, kwa kuwa macho yangu hayaoni tena tundu la skrubu, na vifaa vyangu nimeshavigawa.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nilifundishwa na Mzee Abdalla, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani wakafika huku na vitambaa, wakakaa. Alikuwa na duka barabarani, na nyuma ya duka alikuwa na meza ya kutengeneza redio. Siku ya kwanza alinipa redio iliyomwagikiwa na mshumaa, nikachukua kisu. Aliniacha nikwangue kidogo, kisha akapiga kelele, "Wewe! Unakwangua kama unachuna mbuzi! Hiyo ni redio, haina ngozi ya kuuza."

Alinionyesha. Nta ikiwa bado laini usiiguse, maana haitoki, inasambaa tu. Isubiri ikaze. Ninyi mna friji, sisi tulikuwa na asubuhi za Karagwe, na zilitosha. Ikishakaza, ibandue kwa kitu kisichokwaruza. Mimi nilichonga kipande cha mwanzi, ninyi tumieni kadi ya zamani ya benki au ya vocha. Itatoka kwa vipande vikubwa. Utando unaobaki kwenye mbao, weka karatasi ya kaki juu yake, pitisha pasi yenye uvuguvugu, karatasi itainywa nta yote. Kwenye plastiki usithubutu kupitisha pasi. Huko tumia kitambaa kilicholowa maji ya moto na sabuni, ukikamue sana. Wavu wa spika ufungue kabisa, uutumbukize peke yake kwenye maji ya moto, na nta itaelea juu kama mafuta ya supu. Usitumie petroli, inakula rangi na namba za stesheni. Ndani, kwenye nyaya, tumia spiriti kidogo na brashi, na betri ziwe zimetolewa. Aliyesahau kutoa betri atakumbushwa.

Gundi ni jambo jingine. Nta ukiikosea inakusamehe. Supagluu haina msamaha. Nakumbuka kiongozi wa kwaya ya Kilutheri aliyeletwa kwangu Jumapili asubuhi kwa bodaboda, amekaa katikati, na aliyekaa nyuma yake ameshikilia kinanda.

"Shikamoo fundi," alisema. "Kidole changu kimekuwa cha kinanda."

"Marahaba. Umejaribu kuvuta?"

"Nimevuta. Kinanda kinakuja."

Alikuwa anagundisha kitufe kilichovunjika. Nilimwekea maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha mafuta ya kupikia, nikawa ninazungusha kijiti butu taratibu kati ya ngozi na plastiki. Ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha ingekiachisha kidole chake haraka, lakini ingeyeyusha kitufe mpaka kiwe kama uji. Alikaa hapo akisikia wenzake wakianza ibada bila yeye. "Wanaimba vibaya," alinong'ona, na nadhani alifurahi kidogo.

Lakini kazi iliyofanya nijulikane mpaka Kyerwa ni nta ya misiba. Ninyi mmezaliwa huku, mnajua. Mtu akifa analazwa sebuleni, mshumaa unawekwa upande wa kichwani, na watu wanakaa na kulala kwenye nyasi zilizotandikwa chini. Redio inazimwa. Katika nyumba nyingi nilizoingia, hakuna anayefagia wala kukwangua kitu mpaka siku ya kutoa nyasi, matanga yanapokwisha. Basi nta inabaki pale ilipoangukia, juu ya meza, juu ya televisheni, juu ya picha ya harusi. Siku nyasi zinapotoka, fundi anaitwa, na nta inatoka pamoja nazo. Hailali tena ndani. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, nikiingia nyumba ambazo watu wake hawajazoea bado kuongea kwa sauti ya kawaida.

Na katika nyumba hizo mtakuta kosa moja linalotuhusu sisi mafundi. Mshumaa wanaukalisha juu ya redio. Sababu ni kwamba redio ndiyo chombo cha heshima sebuleni, ina meza yake na kitambaa chake, na juu yake ni bapa. Hakuna anayefikiria kwamba vitufe viko hapo hapo juu.

Ndivyo ilivyokuwa Igurwa.

Aliyenifuata alikuwa Deo, mtu mzima, mkulima wa kahawa. Alikuja dukani kwangu mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Fundi, mdogo wangu Laurenti amefariki. Nyasi tunatoa leo."

Nilimpa pole. Nikauliza ni chombo gani.

"Redio," alisema. Kisha akaangalia barabarani. "Inaongea."

"Imewashwa na nani?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza. Redio imezimwa tangu alipokata roho, nilikuwepo. Sasa kila alasiri, saa ile aliyokuwa anaisikiliza, inaongea. Sauti ya mwanaume. Ya chini, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Watoto hawalali ndani tena."

Njiani, juu ya pikipiki, alinimalizia mengine. Ukoo ulikuwa umekaa. Walisema marehemu ana neno na mke wake, ndiyo maana hatulii. Nyasi zikishatoka, Mama Koku, mke wa Laurenti, angerudishwa kwao Mabira na begi lake, mpaka ukoo utakapoona vinginevyo. Watoto wangebaki. Deo aliyasema haya bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo lilinitia baridi kuliko kama angefoka.

Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka mpaka kwenye madirisha. Kaburi lilikuwa karibu, udongo bado mwekundu, na kivuli cha migomba kimelala juu yake. Wazee walikuwa wamekaa nje kwenye benchi. Hakuna aliyekuwa anakunywa chochote. Mama Koku alikuwa amesimama kando ya mlango, mwembamba, kanga imefungwa kichwani, na begi lake lilikuwa tayari liko kizingitini. Mwingine ninayemkumbuka ni shangazi wa marehemu, bibi mmoja aliyekaa peke yake ndani juu ya nyasi, akisema hamwogopi mtoto aliyembeba mgongoni.

"Karibu waitu," aliniambia, kwa neno letu la heshima. "Ukae upande huu. Upande ule, kando ya meza, ndiko alikuwa amelala."

Redio ilikuwa kubwa, ya betri, kwenye meza chini ya dirisha la magharibi. Mshumaa ulikuwa umeungua juu yake mpaka ukawa kisiki, na nta ilikuwa imetiririka kila mahali, juu ya vitufe, mbele kwenye wavu wa spika, mpaka chini kwenye kitambaa. Ilikuwa nyeupe na nene, imeweka michirizi kama vidole vinavyoshuka.

Sikuigusa. Nilikaa nikaiangalia. Jua lilikuwa linazunguka nyumba. Likaingia dirishani, likapanda meza, likafika kwenye redio. Shangazi akasema, "Sasa." Akajifunika mabega.

Ikaongea.

Sitawadanganya. Nilikuwa nimefungua redio maisha yangu yote, na nywele zangu zilisimama. Ilikuwa sauti ya mwanaume kweli, nzito, imezibwa, haisikiki maneno. Ilisema, ikanyamaza kidogo, ikasema tena kwa mpangilio ule ule. Niliangalia mlangoni nikamwona Mama Koku ameshika fremu kwa mikono miwili.

Nikajilazimisha kufanya nilichofundishwa, yaani kuangalia chombo na si hofu yangu. Nikasogea. Kisiki cha mshumaa kilikuwa kimeangukia juu kabisa ya kitufe cha kuwashia, na donge la nta limekikalia. Nikaweka kiganja changu kati ya jua na kitufe. Nilikaa hivyo mpaka mkono ukachoka. Sauti ikakatika.

Niliondoa kiganja. Jua likarudi. Baada ya muda sauti nayo ikarudi.

Nikamwita Deo ndani, nikamwambia aweke kiganja chake. Hakutaka. Shangazi akamwambia, "Weka, Deo. Ulikuwa unapigana na nyati wa hadithi ulipokuwa mdogo, leo unaogopa redio." Akaweka. Ikanyamaza chini ya mkono wake.

"Nta ikipata jua inalainika," nilimweleza, "na lile donge linakishusha kitufe kidogo tu, nyaya zinagusana. Jua likiondoka nta inakaza, na springi iliyo chini inakirudisha juu. Sauti imezibwa kwa sababu wavu umejaa nta. Na saa hii stesheni inasoma matangazo ya vifo. Ndiyo aliyokuwa anasikiliza marehemu, siyo?"

"Ndiyo," alisema Deo. "Kila siku. Alitaka kujua ni nani wa kwenda kumzika."

Alitoka akawaeleza wazee. Nilisikia benchi likilia, watu wakijigeuza, mtu mmoja akicheka kile kicheko cha mtu aliyeshtuliwa na kivuli chake. Nikatoa betri, nikaanza kazi. Nilidhani jambo limekwisha.

Nilibandua upande wa juu, nta ikatoka vizuri kwa vipande, nikawa naviweka kwenye jani kavu la mgomba. Nilipofika pembeni, upande unaotazama ukutani, ambako hakuna mtu angeona, nilikuta bonge bapa la nta, laini kama limepanguswa. Katikati yake kulikuwa na alama ya kidole gumba. Ilikuwa imebonyezwa sawasawa, mistari yote inaonekana, na ufa mmoja umepita katikati toka juu mpaka chini, kama kidole kilichowahi kupasuliwa kikapona vibaya.

Nilichunguza chini ya nta ile kwa ncha ya mwanzi. Hakukuwa na nta ya zamani. Ilikuwa ile ile nyeupe, ya mshumaa wa msiba. Aliyeweka kidole pale alikiweka baada ya mshumaa ule kuwashwa.

Nilipoinua macho, Mama Koku alikuwa amesimama karibu yangu. Sikuwa nimesikia hatua zake, kwa sababu ya nyasi.

"Waitu fundi," alisema kwa sauti ya chini sana, "ikwangue. Ikwangue haraka."

"Ni cha nani?"

Aliangalia dirishani, kule kwenye udongo mwekundu, nikaelewa.

Vijana, hapo mkono wangu ulikuwa na mwanzi, na alama ile ingeondoka kwa mkwaruzo mmoja. Deo alikuwa mlangoni, amenipa mgongo, anaongea na wazee. Angeuona ule ufa angejua, na kila nilichoeleza kuhusu jua na springi kingekuwa maneno matupu. Begi lilikuwa bado kizingitini.

Nikamwambia, "Mama, kukwangua naweza. Lakini akiniuliza kama kulikuwa na kitu, sitasema hakukuwa na kitu. Sijui kusema hivyo. Sema wewe nifanye nini."

Alisimama. Kisha akageuka, akaita kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwake, "Shemeji! Njoo. Na shangazi, sogea uone."

Deo akaja. Akainama. Alipoona ule ufa alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Laurenti alikuwa amejikata gumba kwa panga akisafisha migomba, wakati wangali vijana, na Deo ndiye aliyemfunga kitambaa.

"Ni yeye," alisema. "Mnaona? Ni yeye! Alikuja!"

"Hakuja," alisema Mama Koku. "Mimi nilimshika mkono."

Deo akamgeukia.

"Mlipotoka kumwita mchungaji," alisema, "niliachwa naye. Mshumaa ulikuwa unawaka. Nyote mlisema amekufa. Nyote. Mimi nilikuwa nimemwona akilala vile mara nyingi, mdomo wazi vile vile. Nikasema, huyu mtu hawezi kuvumilia moto, hata chai inambidi aipulize. Nikachukua mkono wake, nikaupitisha nyuma ya redio, nikashusha kidole chake kwenye nta ilipokuwa bado inachemka. Nikakibonyeza." Akapangusa midomo. "Hakushtuka. Ndipo nilipoamini."

Nakumbuka nzi mmoja kwenye kioo cha dirisha.

"Niliogopa kuwaambia," aliendelea. "Mke gani anamchoma mume wake aliyekufa? Redio ilipoanza kuongea, nikasema ni haki yake. Amekuja kuniuliza mbona nilimchoma."

Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa ameamini zaidi ya wote. Siku zile zote alikuwa amekaa katika nyasi zile akingoja alasiri, na alikuwa amefunga begi lake mwenyewe.

Deo alikaa chini, mtu mzima yule, juu ya nyasi. Kisha akasema, kama anamwambia mtu mwingine, "Na mimi nilimwita sikioni. Kabla hatujamfunika. Nilimwita lile jina la utotoni, ambalo akiitwa lazima apige mtu." Akatikisa kichwa. "Hakunipiga."

Shangazi ndiye aliyeamka kwanza. Akachukua begi kizingitini, akaliingiza chumbani, akarudi akipangusa mikono kama aliyetoa taka.

"Nyasi zitoke," alisema. "Jua linazama tumekaa hapa. Deo, inuka, umezikalia. Mama Koku, nenda kawashe jiko, uko kwako."

Deo akainuka, akakusanya nyasi kwa mikono yake, akatoka nazo. Hakupinga neno.

Mimi nilibaki na lile bonge. Kulibandua kungelivunja. Basi nilifungua mgongo wa redio, nikabandika kitambaa cha maji ya moto kwa ndani, nyuma ya plastiki, nikasubiri. Hivi ndivyo mtakavyofanya mkitaka nta itoke nzima. Msiisukume, pasheni moto kile inachokishikilia, nayo itaachia yenyewe. Lilitelezea kiganjani kwangu. Nilimpa Mama Koku. Akalifunga kwenye jani la mgomba, akamwangalia shangazi, kwa sababu nta ya msiba hailali ndani, na sote tulijua.

Shangazi akageukia ukuta. "Macho yangu siku hizi," alisema, "hayaoni vitu vidogo."

Nilisafisha wavu, nikakausha kila kitu, nikarudisha betri. Redio ikawaka, sauti safi. Sikuchukua kitu zaidi ya mkungu wa ndizi waliponilazimisha.

Mama Koku alinisindikiza mpaka njiani. Tulipofika mwisho wa migomba aliniambia, "Fundi, umesema ni jua."

"Ndiyo, mama."

"Kuna siku mvua ilinyesha tangu asubuhi. Jua halikutoka kabisa. Iliongea na siku hiyo."

Nilisimama pale nikifikiria springi, betri, unyevu. Nilifikiria kila kitu nilichofundishwa na Mzee Abdalla. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichokuwa anataka, akarudi kwake. Hadi leo sijui. Nawaambia kwa sababu mtaulizwa na ninyi, na fundi asiyejua kusema "sijui" atakuja kuvunja nyumba ya mtu.

Mke wangu Leticia alifariki mwaka jana, kabla mvua hazijaanza. Ilikuwa asubuhi, umeme ulikuwa umekatika, na mshumaa ulikuwa mezani karibu na kitanda. Jirani aliyekuwa amekuja kunisaidia alimshika shingoni, akasema, "Baba, pole." Akatoka kuita watu. Nikabaki naye.

Nilikuwa nimeshaisikia hadithi ya Igurwa kwa masikio yangu. Nilikuwa najua mwisho wake. Hata hivyo niliuinamisha ule mshumaa juu ya mkono wake, tone likaangukia hapo nyuma ya kiganja, alipokuwa anapima joto la pasi kila mara kabla ya kunikabidhi. Nilingoja muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Tone likateleza, likadondokea mezani, likakaza.

Siku ya kutoa nyasi vijana wawili wa hapa walikuja kunisafishia nyumba, wakitaka kuonyesha nilichowafundisha. Walifanya vizuri. Lakini mmoja aliniuliza mbona nimeweka mkono juu ya meza siutoi, na sikumjibu. Namjibu hapa. Mkija kwangu mtaona kwenye kona ya meza, upande wa dirishani, tone moja la nta. Msiliguse. Najua namna ya kulitoa.